Bunju, Mtumwa na Msukule

Ikitajwa historia wengi wetu tunawaza wafalme, magavana na tarehe za vita. Leo nakuletea historia ya samaki. Tena si papa wala nguru. Ni samaki mdogo, mzito wa kuogelea, mwenye tumbo la kujivimbisha, ambaye mvuvi akimkuta wavuni humtupa bila kumtazama mara mbili. Samaki huyu alibebeshwa kesi kubwa kuliko mwili wake: eti yeye ndiye anayemlaza mtu kaburini akiwa hai, kisha mtu huyo akifukuliwa anakuwa mtumwa asiye na akili. Nimeisoma kesi hiyo kitabu baada ya kitabu, na nadhani amesingiziwa. Lakini amesingiziwaje, na kwa faida ya nani? Hapo ndipo penye hadithi, na hapo ndipo sisi tunaoshika kalamu tunapaswa kutega sikio.

Pwani yetu samaki wa ukoo huu tunamwita bunju, na wapo wanaomwita totovu. Usimchanganye na Bunju ile ya barabara ya Bagamoyo! Bunju wako wa aina nyingi, zaidi ya 150 duniani, na baadhi wamo katika bahari yetu hii hii. Ninayemzungumzia mimi anaishi ng'ambo ya Atlantiki, kuanzia pwani ya mashariki ya Marekani, kupitia visiwa vya Karibi, mpaka Brazil. Wataalamu wanamwita *Sphoeroides testudineus*. Jina hilo la pili linatokana na kobe, kwa sababu mgongoni ana mistari hafifu iliyokatizana kama gamba la kobe. Kwa kawaida ana urefu wa sentimita 20 hivi. Mkubwa kabisa hukaribia 40. Makazi yake ni pale mto unapomwaga maji baharini, kwenye mikoko na vijito vinavyojaa na kupwa. Hujifukia mchangani akaacha macho tu nje. Meno yake manne yameungana kama mdomo wa kasuku, na kwa hayo anavunja kaa na makombe. Akishikwa, anabugia maji mpaka anakuwa mpira.

Silaha yake kubwa hasa ni sumu. Mjapani Tawara Yoshizumi aliipa jina mwaka 1909: tetrodotoksini. Ndani ya mwili wa mtu inaziba vinjia vya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, na ujumbe wa ubongo unakwama njiani. Kwanza midomo na ulimi vinakufa ganzi, halafu vidole, halafu miguu inagoma, mwisho pumzi. Na mara nyingi akili inabaki macho. Mgonjwa anasikia watu wanamlilia, hawezi kuinua hata ukope. Kuipika sumu hii hakusaidii, na dawa ya kuipinga haipo. Hospitali humsaidia mtu kupumua mpaka mwili wenyewe uitoe.

Wazungu walionja ladha yake zamani. Septemba 1774, huko New Caledonia katika Pasifiki, Kapteni James Cook na wataalamu wake wawili, baba na mwana wa familia ya Forster, waliramba ini la bunju wa aina nyingine. Usiku viungo vikafa ganzi. Cook aliandika kwamba mkononi hakuweza kutofautisha uzito wa chombo kilichojaa maji na uzito wa unyoya. Wao walipona. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa.

Basi huyo ndiye mshitakiwa wetu. Sasa twende mahakamani, yaani Haiti.

Mwaka 1758

Mwaka 1758 yalitokea mambo mawili ambayo sijaona kitabu kilichoyaweka pamoja. Huko Sweden, Carl Linnaeus alichapisha toleo la kumi la kitabu chake cha kupanga viumbe vyote vya dunia, na ndani yake bunju huyu wa gamba la kobe akapata jina lake la kisayansi. Mwaka huo huo, mwezi Januari, katika mji wa Cap-Français wa koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, mtumwa mtoro aitwaye François Mackandal alichomwa moto hadharani. Kosa lake, walisema, lilikuwa sumu.

Watawala waliamini Mackandal alikuwa na mtandao wa watu wa kuwawekea mabwana sumu kwenye chakula na maji. Watu walikuwa wanakufa, mifugo inakufa, hofu imetanda kila shamba. Watumwa wengi waliteswa ili wataje majina. Mwanahistoria John Garrigus, katika kitabu chake cha mwaka 2023, anatoa hoja kwamba vifo vingi vya miaka ile vilitokana na kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa kula nyama ya mnyama mgonjwa. Kama hoja yake ni sahihi, basi watu walichomwa kwa ajili ya vijidudu.

Zingatia jambo hilo. Mtu mweusi na sumu vilifungwa kwenye fundo moja mapema kabisa katika historia ya kisiwa kile. Mwenye shamba alijua mwenyewe anavyowatendea watu wake, kwa hiyo kila tumbo lilipomuuma alijua nani wa kumshuku. Bunju alikuwa hajatajwa bado. Lakini kiti chake kizimbani kilikuwa kimeshawekwa.

Zombi alikuwa nani?

Saint-Domingue ilikuwa kiwanda cha sukari cha Ulaya. Ulipofika mwaka 1791 kulikuwa na watumwa karibu 500,000. Wengi walikuwa wazaliwa wa Afrika, kwa sababu kazi ya miwa ilikuwa inaua haraka kuliko watoto walivyozaliwa, na mabwana waliona nafuu kununua wapya. Sehemu kubwa ya walioletwa miaka ya mwisho walitoka Kongo na Angola. Na wapo waliotoka upande wetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka. Wengi wa watu wa biashara hiyo waliishia kwenye visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion, lakini katika miaka ya 1780 meli za Kifaransa zilizopakia watu Msumbiji na pwani yetu zilizunguka rasi ya kusini zikavuka mpaka Saint-Domingue.

Watu hao walikuwa na imani kwamba mtu akifa roho yake inarudi Ginen, yaani Afrika. Kifo kilikuwa nauli ya kurudi nyumbani. Sasa hebu fikiri, kwa mtu wa namna hiyo, jambo la kutisha kuliko yote lingekuwa nini? Lingekuwa ufe, halafu usirudi. Uzikwe, halafu bwana akufukue, akurudishe kwenye miwa, milele. Huyo ndiye zombi. Neno lenyewe lilichapishwa mwaka 1797 katika kitabu cha Moreau de Saint-Méry kuhusu koloni hilo, kwa maana ya roho au mzuka, na wataalamu wengi wa lugha wanatafuta chimbuko lake Kongo. Baadaye likaja kumaanisha hasa maiti anayefanyishwa kazi. Simulizi za Haiti zinasema zombi hapewi chumvi, kwa kuwa akiionja anazinduka, anajijua kuwa amekufa, anaondoka kurudi kaburini kwake.

Kwa hiyo zombi wa mwanzo hamli mtu nyama. Hamkimbizi binti mjini. Zombi wa mwanzo analima, na wanaomsimulia hawamuogopi yeye. Wanaogopa kuwa yeye.

Watumwa wale waliasi Agosti 1791, wakapigana na majeshi ya Ufaransa, Hispania na Uingereza, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza nchi huru. Ufaransa iliwatoza kwa kosa hilo. Mwaka 1825 iliwadai faranga milioni 150 za fidia kwa wenye mashamba waliopoteza mali, na sehemu ya mali hiyo ilikuwa watumwa wenyewe. Deni likapunguzwa mwaka 1838 hadi milioni 90, likaendelea kuwanyonya. Hata katika uhuru, bwana, walikuwa bado wanamfanyia kazi mtu wa ng'ambo.

Kalamu za wageni

Mwaka 1915 wanajeshi wa Marekani waliivamia Haiti, wakakaa mpaka 1934. Walifufua sheria ya zamani ya kazi ya lazima, wakawakusanya wakulima kujenga barabara, wengine wakiwa wamefungwa kamba. Wahaiti wakainua silaha. Kiongozi wao Charlemagne Péralte aliuawa mwaka 1919.

Katika hali hiyo akaja mwandishi Mmarekani, William Seabrook, na mwaka 1929 akatoa kitabu *The Magic Island*. Humo alisimulia habari za maiti waliopelekwa kukata miwa ya kampuni kubwa ya sukari ya Wamarekani. Wasomaji wa New York walisisimka. Mwaka 1932 ikatoka sinema *White Zombie*, yenye maiti wanaozungusha mtambo wa sukari usiku kucha. Lakini angalia jina la sinema. Masikini wale weusi kwenye mtambo ni pambo tu. Anayetakiwa kuokolewa ni binti wa Kizungu. Ndani ya miaka mitatu kilio cha mtumwa kilishageuzwa burudani ya watu waliokuwa wamemkalia. Sinema zilizofuata zikaenda mbali zaidi, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi ya vibanda vya video tukapokea zombi anayekula ubongo, hatukuambiwa kwamba babu yake alikuwa na jembe.

Mwandishi mmoja aliangalia kwa jicho tofauti: Zora Neale Hurston, Mmarekani mweusi, aliyefanya utafiti Haiti mwaka 1936 na 1937. Kitabu chake *Tell My Horse* kilitoka 1938, na ndani yake mna picha ya mwanamke aliyemkuta hospitalini, ambaye watu walisema ni Felicia Felix-Mentor, aliyezikwa mwaka 1907. Hurston aliwaza kuwa haya si mambo ya kufufua wafu. Huenda kuna dawa ya siri inayomfanya mtu aonekane amekufa. Mbegu ya kesi ya bunju ilipandwa hapo. Lakini mwaka 1945 daktari wa magonjwa ya akili wa Haiti, Louis Mars, aliandika kuwa Felicia wa kweli alikuwa amewahi kuvunjika mguu, na eksirei ya mwanamke yule haikuonyesha alama ya kuvunjika. Alikuwa mgonjwa wa akili aliyekuwa akitangatanga, akaangukia mikononi mwa familia iliyokuwa na kilio chake.

Poda

Sasa mshitakiwa wetu anaingia. Mwaka 1962 mtu aitwaye Clairvius Narcisse alitangazwa amekufa katika hospitali ya Deschapelles, akazikwa. Mwaka 1980 mtu mmoja akajitokeza sokoni, akamwendea dada wa marehemu, akajitambulisha kuwa ndiye Narcisse. Alisema ndugu yake alimfanyia vile kwa ugomvi wa ardhi, na kwamba alifanyishwa kazi shambani pamoja na wenzake kama yeye.

Mwaka 1982 Wade Davis, Mkanada aliyekuwa akisoma Harvard, alikwenda Haiti kuitafuta dawa. Waganga waitwao bokor wakamuuzia poda zao. Ndani yake alikuta vitu vingi: mabaki ya binadamu, chura, mimea inayowasha, na katika poda nyingi, bunju. Mmoja wa bunju hao ni huyu wetu wa gamba la kobe, ambaye Wahaiti wanamwita chura wa baharini. Davis akaunganisha mambo: sumu ya bunju inamlaza mtu kama maiti, na akifukuliwa anapewa mmea wa jamii ya mranaha unaovuruga akili. Kitabu chake *The Serpent and the Rainbow* kilitoka 1985, na mwaka 1988 kikawa sinema ya kutisha. Mara moja dunia nzima ikawa imeelewa. Kumbe ni samaki!

Nakiri nadharia ile ni tamu. Ina kila kitu: safari, siri, sayansi. Lakini ilipoletwa mbele ya wapimaji ilianza kuyumba. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa sumu, Takeshi Yasumoto na C. Y. Kao, walichapisha matokeo ya kuzipima poda za Davis: sumu ya bunju iliyokuwamo ilikuwa kidogo mno kuweza kumfanya mtu chochote. Davis akajibu kuwa poda hutofautiana, na kuwa sumu peke yake haitoshi, lazima iungane na imani ya jamii. Hoja hiyo ya pili ina uzito wake. Lakini ukiifuata mpaka mwisho, samaki anabaki na kazi gani?

Tena kuna ushahidi wa Wajapani. Wale wamekula bunju kwa karne nyingi, na wengi wamedhurika. Aliyezidiwa hufa kwa kukosa pumzi. Aliyenusurika hupata nafuu kwa siku chache, anarudi kwenye shughuli zake. Wajapani hawajazalisha jeshi la vibarua wasio na akili kwa sababu ya chakula cha jioni.

Pigo la mwisho lilikuja mwaka 1997 katika jarida la tiba *The Lancet*. Roland Littlewood na Chavannes Douyon waliwachunguza watu watatu waliosemekana ni mazombi. Walikuta ugonjwa mkali wa akili, madhara ya ubongo pamoja na kifafa, na ulemavu wa kujifunza. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa wawili kati yao hawakuwa ndugu wa familia zilizowatambua. Walikuwa wagonjwa wasio na kwao, waliookotwa na watu waliotamani sana marehemu wao arudi.

Hapo mimi nasimamisha kesi. Bunju ana sumu, hilo halina ubishi, na ukimla utajuta. Lakini mtumwa hakutengenezwa na bunju. Mtumwa alitengenezwa kwa meli, mikataba, minyororo na bei ya sukari. Swali la "sumu gani?" lilipendwa kwa sababu ni swali jepesi. Linaweza kujibiwa kwenye chupa ya maabara. Swali la "shamba la nani?" halitoshi kwenye chupa.

Msukule wetu

Kama umezaliwa Tanzania, nina hakika ulishaanza kusema moyoni: mbona huyu namjua? Naam, ndiye msukule. Mtu amekufa, amezikwa, kumbe mchawi kamchukua, kamfungia darini, usiku anamlimisha shamba. Kijiweni hadithi hiyo haikosi, na magazeti yetu ya udaku yameuza nakala nyingi kwa picha za "msukule aliyerudi". Tazama picha hizo vizuri. Mara nyingi ni mtu aliyechoka, asiyejua jina lake, amezungukwa na umati unaopiga kelele. Yule Felicia wa Hurston, miaka na bahari vikiwa vimepita katikati.

Na utani unaishia hapo. Ikisemwa kuna msukule, lazima atafutwe mchawi, na mchawi wa kwetu anajulikana mapema kama sumu ya Mackandal ilivyojulikana mapema. Ni bibi kizee, mjane, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, na mara nyingi mwenye kipande cha ardhi ambacho kuna mtu anakitamani. Vikongwe wameuawa nchi hii kwa tuhuma za uchawi, hasa kanda ya Ziwa. Narcisse naye alitaja ardhi. Kila nikichimba chini ya hadithi hizi nakuta jembe na mpaka wa shamba.

Ndiyo maana nasema nasi waandishi vijana, hasa wa mjini, tunaopenda kuandika hadithi za kutisha kwa kuwa zinauzika. Sisemi tuziache. Hadithi ya msukule ni mali yetu, na ina uchungu wa kweli ndani yake: hofu ya maskini kwamba hata kifo hakitampumzisha na kazi ya mwingine. Seabrook aliuchukua uchungu huo akauza msisimko. Davis alitafuta uchungu huo kwenye samaki. Sisi tunao mtaani: binti wa kazi za ndani asiyejua mshahara wake, kijana anayebeba zege kutwa na kulala chini, mzee aliyeporwa shamba na watoto wa kaka yake. Ukikaa kumwandika msukule, mwandike anayemlimisha pia. Mpe jina, mpe nyumba, tuone mazao yanapakiwa gari la nani.

Bunju mwache kwenye mikoko yake. Amevunja kaa tu.